Nani Analipia Dawati, Nani Analipia Kitabu?

Ingia katika uwanja wa shule yoyote ya msingi ya umma kati ya Rongo na Muhuru Bay, au kati ya Oyugis na Mbita, na utakuwa umesimama katika himaya ya serikali mbili. Darasa la chekechea ni la kaunti: mwalimu wake ameajiriwa na kaunti, na mshahara wake hupangwa katika bajeti ya Migori au ya Homa Bay. Vuka uwanja ufike gredi ya kwanza, na hapo umeingia kwa serikali ya kitaifa. Mwalimu ni wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, fedha za chaki na vitabu hutoka Nairobi, na kuta zenyewe mara nyingi zilijengwa kwa fedha za NG-CDF, hazina ya kitaifa ya maendeleo ya maeneobunge, kama maandishi ukutani yanavyotangaza. Watoto wa pande zote mbili huchota maji katika tangi moja na kugombania mpira mmoja. Fedha zao hazikutani popote.

Mzazi haujui mpaka huo, na sioni kwa nini alaumiwe. Ndiyo maana katika vikao vya kujadili Mswada wa Fedha wa kaunti, viwe vya Kehancha au vya Ndhiwa, huzuka swali lile lile: kila siku ya soko tunatozwa, kila mwaka tunalipia leseni ya biashara, mbona watoto wetu wanakaa sakafuni? Afisa wa kaunti hujibu kwamba shule ya msingi si kazi yake. Watu huguna, kisha kikao huhamia kwenye choo cha soko. Swali ni la haki na jibu ni la kweli, lakini wananchi hurudi nyumbani mikono mitupu. Nataka kulieleza jambo hili kwa kirefu, kwa sababu ndani yake kuna kitu ambacho wakazi wa kaunti hizi mbili wana haki ya kukidai moja kwa moja kutoka kwa kaunti, bila kupitia Nairobi, na hawakidai. Kitu hicho ni maktaba.

Tuanze na sheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawa elimu mafungu mawili yasiyolingana. Serikali ya kitaifa ilipewa sera, mitaala, mitihani, vyuo vikuu, shule za msingi, za sekondari na za watoto wenye mahitaji maalumu. Kaunti zilipewa elimu ya awali, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Ibara ya 209 nayo ikagawa kodi. Kodi ya mapato, VAT, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa ni vya serikali ya kitaifa peke yake. Kaunti iliachiwa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na kodi nyingine itakayoruhusiwa na sheria ya Bunge. Juu ya hayo inaweza kutoza ada kwa huduma inazotoa.

Hapo kwenye ada pana jambo linalosahauliwa na pande zote. Anachotozwa mama anayeuza omena Sori, au mwenye kibanda cha nguo Awendo, ni malipo ya huduma, na huduma yenyewe ni soko: paa, taa, maji, taka zizolewe, choo kifunguliwe. Anapokataa nyongeza mpaka choo kitengenezwe, sheria iko upande wake. Kwa hiyo mimi, ninayezitakia maktaba mema yote, sitaiambia kaunti imwongezee mama huyo shilingi kumi ili inunue vitabu. Ziko njia nyingine, nitazifikia.

Fedha hizi za ndani ni kiasi gani? Kwa muda mrefu wa ugatuzi hazikufika hata sehemu moja ya kumi ya kile kaunti hizi hupata kutoka Nairobi. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao wa Homa Bay ulikuwa shilingi bilioni 7.8, wa Migori bilioni 8, na mwaka uliofuata haukubadilika. Ukiugawanya kwa idadi ya watu katika sensa ya 2019, ambao walikuwa 1,131,950 Homa Bay na 1,116,436 Migori, unapata kama shilingi 6,900 kwa mtu Homa Bay na 7,170 Migori. Na ukisikia kaunti ikitangaza kwamba mapato yake ya ndani yamepanda sana, uliza kwanza ni kiasi gani kilichotoka hospitalini. Sheria ya 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya inataka ada za hospitali zibaki hospitalini zinunue dawa na vifaa. Zinahesabiwa kwenye jumla ya mapato, lakini haziwezi kujenga darasa la chekechea wala rafu ya vitabu.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuunda Mabaraza ya Wenyeji, LNC kwa kifupi. Nchi ambayo leo ni Migori, Homa Bay, Kisii na Nyamira ilikuwa wilaya moja, Kavirondo Kusini, ikitawaliwa kutoka Kisii. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mkuu wa wilaya, Mzungu, na bila idhini yake hakuna shilingi iliyotoka. Hata hivyo mabaraza yalipewa uwezo wa kutoza kiwango kidogo juu ya kodi ya serikali, na katika Nyanza yote wajumbe waliushika uwezo huo kwa ajili ya shule. Hebu fikiria: watu wale wale walioichukia kodi ya kibanda na kodi ya kichwa, wakizikimbia na kuzilalamikia, walisimama barazani wakakubali kuongezewa nyingine ili watoto wapate shule isiyotegemea hisani ya misheni. Kilichowapa moyo ni kwamba waliijua kodi hiyo inakwenda wapi.

Mwaka 1934 ziliundwa Bodi za Elimu za Wilaya. Herufi DEB unazoziona hadi leo katika majina ya shule nyingi za msingi nchini ni kumbukumbu ya bodi hizo. Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo aliyeandika Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu kilichochapishwa 1938 kuhusu mila za Wajaluo, baadaye alikuwa katibu wa baraza la wilaya ya Nyanza Kusini. Katibu wa baraza linalokusanya kodi na mwandishi wa vitabu walikuwa mtu mmoja, na hakuna aliyeona ajabu.

Baada ya uhuru mabaraza ya kaunti yaliendelea kuzibeba shule za msingi. Yalitegemea karo, ruzuku, na kodi ya watu wazima iliyopanda kulingana na kipato cha mlipaji. Mzigo uliyaelemea. Katika maeneo mengi walimu walikaa bila mishahara wakagoma, na mwaka 1967 TSC ikaundwa ili mwalimu awe na mwajiri mmoja popote alipo. Mwaka 1969 Bunge likapitisha sheria ya kuhamisha majukumu. Kuanzia Januari 1970 shule za msingi, afya na barabara zilitoka kwa mabaraza ya kaunti zikaenda serikali kuu. Manispaa chache, Kisumu ikiwemo, ndizo zilizoachiwa. Kodi ile nayo ikafuata mkondo huo huo, na miaka michache baadaye ikafutwa.

Wapo wanaoisimulia 1970 kama unyang'anyi mtupu. Siwafuati moja kwa moja. Shule inayotegemea kodi ya mahali ilipo hurithi utajiri au umaskini wa mahali hapo. Kule California, mwaka 1971, mahakama ya juu ya jimbo iliamua katika kesi ya Serrano dhidi ya Priest kwamba kuzilipia shule kwa kodi za nyumba za kila wilaya kulimnyima haki mtoto wa mtaa maskini, kwa kuwa majirani zake, hata wakijitoza kwa kiwango cha juu kuliko mtaa wa matajiri, walipata kidogo kuliko matajiri hao. Mtoto wa Mfangano na mtoto wa Westlands wakiachwa kila mmoja ategemee kodi ya kwao, tunajua nani atakosa mwalimu. Kwa upande wa walimu, basi, 1970 ilikuwa sawa. Ubaya wake ni kwamba baraza lilibaki likikusanya ushuru bila kitu ambacho mlipaji angeweza kukinyooshea kidole na kusema kile pale ni changu. Watu waliendelea kutozwa sokoni huku wakiisahau sababu ya kutozwa, na kaunti za leo zimeurithi usahaulifu huo.

Pengo lililobaki lilijazwa na harambee. Shule nyingi za sekondari za Nyanza Kusini zilianza hivyo, kwa matofali ya wanakijiji na mabati ya michango. Tunaikumbuka harambee kwa fahari, na ni haki, lakini ilikuwa pia kodi isiyo na sheria. Mchango ulipangwa na wakubwa, na katika sehemu nyingi za nchi aliyeshindwa kutoa alichukuliwa kuku au mbuzi. Hakuna aliyemwuliza kama anaweza, na risiti haikuwako.

Kodi hiyo isiyo na sheria haijafa. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza 2003, serikali iliweka shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka. Leo ni 1,420. Shule yenye watoto 400 inastahili basi shilingi 568,000 kwa mwaka mzima, zikifika zote na zikifika kwa wakati. Kwa sekondari kiwango kimekuwa 22,244 tangu 2018, na Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi, aliyekuwa mbunge wa Suba Kusini huko huko Homa Bay, aliwaambia wabunge kwamba serikali haimudu kukilipa chote. Kinachopungua hakiyeyuki. Humfuata mzazi nyumbani kwa jina la chakula cha mchana, mitihani ya majaribio, masomo ya ziada, mshahara wa mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule.

Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kiko wazi kuhusu haya. Shule ya umma haitozi karo ya mafunzo. Malipo mengine yanahitaji idhini ya Waziri kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mtoto hafukuzwi kwa kushindwa kuyalipa. Na yeyote anayepokea fedha lazima atoe risiti rasmi. Ni wazazi wangapi wanaokijua kifungu hiki cha sheria? Mwalimu mkuu anayetoza bila idhini si lazima awe mwizi; mara nyingi ni mtu aliyekaliwa kooni na bili ya umeme na walimu wanne wa bodi. Lakini mtindo huu ni kodi mbaya kuliko zote tunazozijua. Mama mwenye watoto wanne na shamba la robo ekari hulipa mara nne. Mwenye majumba ya kupangisha mjini, ambaye wanawe wako shule za kibinafsi, halipi kitu. Tunaogopa kumtoza kodi ya ploti yule mwenye majumba, kisha tunamtuma mtoto wa mama huyu nyumbani siku ya Jumatatu.

Basari za kaunti zimetumiwa kama plasta juu ya kidonda hiki, na zimewasaidia wengi; sitazibeza. Lakini kisheria zimesimama juu ya mchanga, kwa kuwa zinalipia sekondari na vyuo vikuu, ambavyo si kazi ya kaunti. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliziandikia kaunti kwamba zisizitoe bila mkataba wa maandishi na serikali ya kitaifa. Baraza la Magavana likaenda mahakamani. Katiba yenyewe, Ibara ya 187, inaruhusu ngazi moja ikabidhi kazi yake kwa nyingine kwa makubaliano, kwa hiyo njia ipo. Lakini ona tunakoelekeza nguvu zetu: mabishano makali, kesi, vichwa vya magazeti, yote juu ya fedha ambazo kaunti inazitumia katika kazi ya mwingine, huku kazi iliyo yake haitajwi.

Aya ya nne ya sehemu ya kaunti katika Jedwali la Nne inahusu utamaduni, burudani na huduma za umma. Imeorodhesha kamari, mashindano ya mbio, leseni za pombe, sinema, video, kisha maktaba, makavazi, michezo, bustani na fuo. Yaani katika aya moja Katiba imeipa kaunti mamlaka juu ya baa na juu ya maktaba. Migori na Homa Bay zote mbili zinalijua vyema jukumu la kwanza. Hakuna kituo cha biashara, hata kile chenye maduka sita tu barabarani kuelekea ziwani, kisicho na baa iliyokaguliwa na kulipiwa leseni. Maktaba za umma ni chache mno, na nyingi kati ya vyumba vinavyoitwa maktaba mashuleni ni stoo za vitabu vya kiada vyenye kufuli.

Sisemi kwamba eneo hili halipendi kusoma. Rapogi, Kanga, Asumbi, Agoro Sare na Orero ni majina yanayotajwa kwa heshima popote penye Wakenya. Lakini mwanafunzi wa bweni wa shule hizo ana maktaba ya shule na taa ya usiku. Mwenzake wa shule ya kutwa hurudi nyumbani jioni, akachote maji, ale, kisha asome kwa tochi ya simu ikiwa simu ina chaji. Hao wa kutwa ndio wengi. Mtaala wa sasa unamwagiza mtoto atafute habari mwenyewe, alete picha, achapishe, aulize, alinganishe. Agizo hilo likifika kwenye nyumba isiyo na kitabu hata kimoja zaidi ya Biblia na kitabu cha nyimbo, mzazi hukimbilia saibakafe na shilingi hamsini alizokuwa ameziweka kwa ajili ya sukari. Chumba kimoja cha wadi chenye vitabu, meza, umeme na mtu anayejua kazi yake kingewaokoa watoto wa shule kumi kwa pamoja, bila kujali ni za serikali gani, kwa sababu maktaba haiulizi mtoto anatoka darasa la nani. Hapo ndipo ninapouona ule mpaka wa uwanja wa shule ukivukika kwa njia halali. Kaunti hairuhusiwi kumnunulia dawati mtoto wa gredi ya tano bila mkataba na Nairobi; inaruhusiwa kumfungulia mlango wa maktaba leo hii.

Kupeleka vitabu mbali si jambo geni kwetu. East African Literature Bureau, iliyoundwa 1948, ilisambaza vitabu Afrika Mashariki kwa masanduku na kwa posta. Huduma ya Taifa ya Maktaba, KNLS, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1965, ilifungua matawi Kisumu na Kisii, na kule Garissa ikawapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia. Homa Bay ina Mfangano, Takawiri, Remba na Ringiti, visiwa vyenye watoto na boti zinazokwenda na kurudi kila siku zikiwa na samaki na barafu. Sanduku la vitabu likipangiwa zamu katika boti hizo, gharama yake ni ndogo kuliko warsha moja ya hotelini.

Kikwazo hasa si jengo. Nchi hii ina majengo mengi yaliyozinduliwa kwa utepe kisha yakabaki na popo. Kikwazo ni matunzo, na hapo historia ya wengine inafundisha. Sheria ya Uingereza ya 1850 iliruhusu miji kutoza nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya mali ili kuwa na maktaba, kwa sharti kwamba theluthi mbili ya walipa kodi wa mji wakubali kwa kura. Lakini iliruhusu jengo na mishahara tu. Vitabu vyenyewe havikuweza kununuliwa kwa kodi hiyo, vikangojewa kama zawadi. Miaka mitano baadaye wakalazimika kuirekebisha, wakafikisha peni nzima na kuruhusu vitabu. Andrew Carnegie naye, tajiri wa chuma aliyejenga maktaba kwa mamia Marekani na kwingineko, hakukubali kutoa fedha mpaka mji uahidi mambo mawili: kiwanja, na kila mwaka asilimia 10 ya thamani ya zawadi kwa ajili ya vitabu, mishahara na ukarabati. Miji mingine ilikataa sharti hilo ikakosa maktaba. Alifanya vyema kulishikilia. Tuseme Migori ingejenga maktaba ya shilingi milioni 20 mjini. Kwa kipimo cha Carnegie, bajeti ya kila mwaka inapaswa kuonyesha milioni 2 za kuiendesha, na kama mstari huo haumo, basi msingi usichimbwe.

Fedha zitoke wapi? Njia ya kwanza ni ule mgao wa Nairobi. Sehemu moja tu kati ya elfu ya mgao wa 2021/22 ni shilingi milioni 7.8 kwa Homa Bay na milioni 8 kwa Migori, yaani kama shilingi 7 kwa kila mkazi kwa mwaka. Njia ya pili ni leseni za pombe, na hapa nasema bila kuuma maneno: kaunti inayochuma kutokana na baa iwajibike kuwapa vijana mahali pengine pa kukaa jioni, na Katiba imeziweka baa na maktaba katika aya moja. Kifungu cha 116 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinaruhusu kaunti kuunda hazina maalumu kwa idhini ya kamati kuu na Bunge la kaunti, kwa hiyo asilimia ya leseni hizo inaweza kutengwa kisheria isiguswe na shughuli nyingine. Njia ya tatu ni kodi ya ardhi ya mijini. Ploti za Migori mjini, Isebania, Oyugis na Homa Bay zimepanda thamani kwa barabara na taa zilizowekwa kwa fedha za umma, na wenye ploti hizo ndio hao wasioguswa na michango ya shule. Ya nne ni ya Migori zaidi. Sheria ya Madini ya 2016 inaipa kaunti asilimia 20 ya mrabaha, na jamii ya mahali pa mgodi asilimia 10. Dhahabu ya Nyatike imechimbwa tangu enzi za mgodi wa Macalder, na watoto wa Nyatike wana haki ya kuiona imegeuka kuwa kitu kisichoisha mashimoni.

Bado kuna tatizo la utaratibu, na kwa maoni yangu ndilo linalowapoteza wananchi kuliko yote. Kaunti hujadili matumizi na mapato katika nyakati mbili tofauti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa Bunge la kaunti ifikapo Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha hufuata ifikapo Februari 28, na ndio unaopanga ukomo wa kila idara. Makadirio ya bajeti hufika ifikapo Aprili 30, na bajeti hupitishwa kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Mswada wa Fedha, ule wa viwango vya ushuru na leseni, mara nyingi hupitishwa baadaye, ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi. Kwa hiyo wafanyabiashara hujaa katika kikao cha ushuru wakati matumizi yameshapangwa, na wazazi wachache huhudhuria kikao cha bajeti ambamo hakuna anayezungumza juu ya kodi. Wanaotoa na wanaohitaji hawakai chumba kimoja. Ingefaa kaunti ipeleke viwango na makadirio kwa wananchi siku moja, karatasi mbili kwenye meza moja. Sheria haikatazi.

Na isidhaniwe kwamba vikao hivi ni maonyesho tu. Aprili 2014 Mahakama Kuu, kwa uamuzi wa Jaji George Odunga, iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 yote nzima kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangazo la kupita tu halikutosha. Migori na Homa Bay zina wadi 40 kila moja. Watu ishirini wenye hoja moja iliyoandikwa, katika kila wadi, ni sauti ambayo karani wa Bunge la kaunti lazima aiweke kwenye kumbukumbu.

Kwa hiyo kwa wazazi, bodi za shule, vikundi vya akina mama, chama cha boda boda na makanisa yaliyo tayari kutoa chumba: hoja ya maktaba ipelekwe mapema, Agosti, kabla ya mpango wa mwaka kufungwa, na ipelekwe kwa maandishi kwa karani wa Bunge la kaunti na kwa afisa wa wadi, nakala igongwe muhuri. Itaje mahali halisi, hasa chumba cha umma ambacho tayari kina paa. Itaje mkutubi mmoja mwenye ajira ya kudumu, kiasi cha kununua vitabu kila mwaka, vya Kijaluo, Kikuria na Kiswahili vikiwemo, na saa za kufungua zinazomfaa mtoto wa shule ya kutwa, yaani hadi saa mbili usiku na Jumamosi kutwa. Itaje fedha zinakotoka. Februari mtafute waraka wa mkakati mwone kama idara inayobeba maktaba imepewa chochote. Aprili mfungue makadirio mtafute mistari mitatu: mshahara, vitabu, matengenezo. Ikiwa mmeona mstari wa ujenzi peke yake, mwendeeni mwakilishi wadi wenu mwezi Mei, kabla kamati ya bajeti haijaandika ripoti yake, kwani Juni 30 ikishapita kinachobaki ni kungoja bajeti ya ziada.